Maji ya tumbo kutoka machinjioni kwa mbuzi aliyevimbiwa mahindi

Mchungaji_Kongwa: Wakuu, mbuzi wa kilo 30 hivi kavamia gunia la mahindi yaliyoparazwa juzi. Kaacha kucheua, anaharisha maji yanayonuka uchachu, ila bado anasimama. Nimeshauriwa nichukue maji ya tumbo la ng'ombe machinjioni nimnyweshe. Kiasi gani? Na virusi vilivyomo humo si ndiyo kumwongezea ugonjwa?

Dawa_na_Malisho: Usianze na hayo maji: asidi iliyomo tumboni itawaua bure bakteria wazuri waliomo. Wanga mwingi ukiingia ghafla, bakteria aitwaye Streptococcus bovis huzaliana haraka mno na kutoa asidi ya laktiki. Tumbo la kwanza kwa kawaida lina pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, asidi imezidi) ya 6 hadi 7. Ikishuka chini ya 5.5 bakteria wa kumeng'enya nyuzi za majani wanadhoofika, protozoa (vijidudu wengine wa tumboni) wanakufa, na asidi inavuta maji kutoka kwenye damu. Ndiyo huo uharo.

Kwanza punguza asidi: gramu 30 za bikaboneti ya soda (ile ya maandazi, siyo magadi ya mawe, hayo ni makali) kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, kwa mpira unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Itatoa gesi nyingi, kwa hiyo uache mpira ndani kidogo gesi itoke. Nyasi kavu tu, pumba marufuku. Akishindwa kusimama au macho yakididimia, achana na mpira: anahitaji dripu na daktari wa mifugo, pengine hata tumbo kufunguliwa.

Maji ya tumbo yanafuata baadaye, nusu lita hadi lita 1. Ng'ombe mzima ni lita 8 hadi 16. Chuja kwa kitambaa, jaza chupa ya chai mpaka juu kabisa, maana hewa inawaua, na yabaki kwenye nyuzijoto 39 hivi. Yatumike ndani ya saa chache.

Maabara_Mbeya: Kuhusu virusi: vipo kweli, mabilioni kwa kila mililita, ila karibu vyote ni faji, yaani virusi vya bakteria. Haviwezi kuingia kwenye seli za mbuzi. Kila kimoja huandama aina chache tu za bakteria. Kikimpasua mmoja, vilivyomo vinaliwa na wenzake palepale. Hakuna haja ya kuvichuja, na kitambaa hakivizuii.

Cha kuogopa ni magonjwa ya mtoaji: homa ya miguu na midomo, sotoka ya mbuzi na kondoo, paratubakulosi (ugonjwa sugu wa utumbo). Chagua mnyama aliyepita ukaguzi, aliyekuwa anakula majani. Maji mazuri ni ya kijani kibichi au kahawia na hayana harufu ya uchachu. Yakiwa ya kijivu kama maziwa, mwaga.

Mchungaji_Kongwa: Nitajuaje mpira haujaingia kwenye mapafu?

Dawa_na_Malisho: Pima kwanza kutoka mdomoni hadi ubavu wa mwisho, utie alama. Ukishaingia, mwenzako apulize wewe ukisikiliza ubavu wa kushoto: lazima yasikike mapovu. Akikohoa, au hewa ikitoka kwa kufuata pumzi yake, toa upesi. Dawa ikimwagika mapafuni ni nimonia.

Maabara_Mbeya: Nyongeza kwa wanaolisha lusina (mti wa malisho): mbuzi wakinyonyoka manyoya, huenda wamekosa bakteria wa kuvunja sumu yake. Miaka ya 1980 Raymond Jones wa Australia aliona mbuzi wa Hawaii wanaila bila madhara, na maji ya matumbo yao yakawalinda wanyama wa Australia. Bakteria huyo sasa anaitwa Synergistes jonesii. Hapo si lazima umnyweshe kila mmoja; wanaambukizana zizini.