Tupeane uzoefu: kumtegemea Mola pale dunia inapokuonea

Maalim wa Kuze: Assalaam alaykum. Swali ni lile lile: "Nasali, nafunga, mbona mimi?" Tuelezane la kufanya, si mawaidha matupu. Pigo likitua, sema *Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun*, kisha dua aliyoisoma Ummu Salama alipofiwa na mumewe: *Allahumma'jurni fi musibati, wakhluf li khayran minha* (Ewe Mola, nilipe kwa msiba wangu, na unipe badala iliyo bora kuliko huo). Subira huhesabiwa pale mwanzo. Mwezi ukipita kila mtu hupoa. Machozi hayaiharibu, Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim. Kinachokatazwa ni kujipiga mashavu na kuchana nguo.

Bi Mwana: Wa alaykum salaam, Maalim. Mnaogopa bure kumwambia Mola kuwa mmeumia. Nabii Yaqub alisema huzuni yake humshitakia Mwenyezi Mungu (Sura Yusuf, 12:86), naye ndiye aliyesema "subira njema" katika sura hiyo hiyo. Ubaya ni kumshitaki Mola kwa watu. Wakati bora ni thuluthi ya mwisho ya usiku: chukua Magharibi hadi Alfajiri, gawa kwa 3. Hapa Mombasa Magharibi ikiwa saa 12:30 na Alfajiri saa 11:00, usiku una saa 10 na nusu, basi thuluthi ya mwisho yaanza saa 7:30. Ukilemewa na usingizi, amka hata dakika 20 kabla ya adhana. Sali rakaa 2, na ukishatoa salamu itaje shida yako yenyewe, kwa Kiswahili chako. Ukiomba kwa jumla jumla, moyo hautui.

Mkaazi wa Likoni: Shukran, Bi Mwana. Lakini dhuluma nyingine ni ya watu, na kuinyamazia si kutawakali (kumtegemea Mola). Mjane ana thumuni (moja ya nane) ya mirathi marehemu akiacha watoto, robo asipoacha. Wake wakiwa wengi hugawana fungu hilo. Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi kesi za mirathi za Waislamu. Andaa cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, na hati za mali. Mambo huharibika mjane anapotiwa karatasi mkononi ndani ya eda (muda wake wa kukaa baada ya kufiwa) asaini bila kuisoma, au anapoambiwa asubiri miezi 4 na siku 10 ndipo aulize. Maalim, si anaruhusiwa kutoka?

Maalim wa Kuze: Mchana kwa haja yake, ndiyo, na usiku alale nyumbani kwake. Wallahi wanaomfungia ili wauze nyumba wana hesabu nzito mbele ya Mola.

Bi Mwana: Na nyinyi mnaokwenda kumpa pole mfiwa, msimwambie "huenda ni kheri" maiti haijazikwa. Familia ya Jaafar, binamu wa Mtume, ilipofiwa naye, Mtume aliamuru ipikiwe. Peleka chakula kilichoiva, si mchele wa kumrudisha mfiwa jikoni. Kisha rudi baada ya siku ya 3, jamvi likishakunjwa.