Mabosi wa Dodoma, acheni kumkata mshahara dada wa kaunta kwa virusi mlivyovileta wenyewe

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kazi yangu ni kutunza hesabu za maduka madogo hapa mjini: vifaa vya ujenzi, pembejeo, steshenari, duka la dawa. Mwezi huu, kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi (jina naliacha, wenyewe wanajijua), binti anayekaa kaunta amekatwa zaidi ya nusu ya mshahara kwa sababu kompyuta ya duka "imeingiwa na virusi mikononi mwake". Kaambiwa atakatwa hivyo mpaka hasara iishe. Hasara yenyewe ni shilingi ngapi, hakuna aliyemwandikia.

Kompyuta hiyo nimeiangalia mwenyewe. Kila faili la Excel, yaani stoku, madeni ya wateja, profoma zote, limeongezewa herufi nne mwishoni mwa jina lake na halifunguki. Ndani ya kila folda kuna faili la _readme.txt linalodai dola 980, au nusu yake, dola 490, ukiwasiliana nao ndani ya saa 72. Hao ni STOP, wengine wanawaita Djvu, ni virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia. Wanaovifuatilia wanajua kwa miaka njia vinayoipenda: programu za kukraki. Unapakua kitu cha kukuwezesha kutumia Office bila leseni, ndani yake kuna huyo mgeni.

Sasa nani aliweka kraki? Mchana wa siku hiyo Office ilikuwa inadai leseni. Bosi akamwita fundi wake, yule yule anayepiga Windows nusu ya maduka ya mtaa ule. Kraki hizi nyingi zinakutaka kwanza uzime antivirusi, naye akaizima. Faili la kraki bado liko kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, saa yake inaonekana, na ni saa ambayo fundi alikuwa amekaa kwenye kiti. Binti alirudishiwa kompyuta jioni afunge mauzo. Akaona dirisha linaloonyesha kama Windows inajisasisha. Djvu wana kawaida hiyo, wanakuwekea dirisha la uongo la masasisho ili usubiri wakati wao wanaendelea kufunga mafaili. Akasubiri, kama ambavyo mtu yeyote angesubiri.

Kilichonikera kuliko vyote ni hiki. Baadaye kidogo aliona alama za mafaili zinageuka nyeupe, akajua kuna kitu hakiko sawa. Hakumpigia bosi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema: "Kaka, mwenzangu alikatwa hela kwa kuchomeka flashi ya mteja. Niliogopa." Akazima taa, akafunga duka, kompyuta akaiacha ikiwaka. Usiku mzima virusi vikafanya kazi bila mtu wa kuvizuia. Angechomoa intaneti na kuzima mashine jioni ile ile, sehemu ya mafaili ingepona. Bosi, wewe ndiye uliyemfundisha anyamaze. Umemkata mwenzake kwa kosa dogo, sasa unalipia ukimya wake, na bado unamkata na yeye.

Mwenye duka akaniambia, "Mimi nilishawapa elimu hawa." Elimu gani? Karatasi iliyobandikwa ukutani: msibofye viungo msivyovijua, badilisheni nywila kila mwezi. Pembeni ya karatasi hiyo, kwenye kipande cha gundi, nywila yenyewe imeandikwa, kwa sababu hakuna binadamu anayekariri nywila mpya kila mwezi. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 ilishasema watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda. Ibadilishwe pale kuna dalili kwamba imevuja. Nywila ndefu, tofauti kwa kila mfumo, na uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe na WhatsApp vinasaidia kuliko hiyo karatasi.

Na hili la "nani kabofya" lina mwisho wake. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017, navyo vya kudai fidia, vilivyosimamisha kazi kwenye hospitali za Uingereza, vilisambaa kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote. Microsoft walikuwa wametoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, Machi mwaka ule ule. Walioumia ni ambao mashine zao hazikusasishwa. Kusasisha mashine ni kazi ya mwenye mashine. Nikizunguka Majengo, Makole, mpaka Nkuhungu, nakuta maduka bado yako kwenye Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo huduma yake ya kawaida imekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Dada wa kaunta atabadilisha vipi hiyo? Kwa mshahara upi?

Nirudi kwenye makato, maana hapa kuna sheria na wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kujikatia tu. Kama anadai hasara, lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, ampe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, ampe nafasi ya kupinga, na makato yote hayo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Zaidi ya nusu, kwa mdomo, bila hesabu, ni kinyume cha sheria. Halafu hebu mtu anieleze kosa litathibitishwaje. Kompyuta ina akaunti moja, ya msimamizi mkuu, na nywila moja wanayoijua bosi, fundi, binti, kijana wa stoo na mtoto wa bosi anayekuja kucheza gemu likizo. Kama mngempa kila mtu akaunti yake, na hiyo ya msimamizi akabaki nayo mwenye duka, ungeonekana wazi mkono wa nani umefanya nini, na binti asingeweza kuweka programu yoyote hata angetaka. Haigharimu shilingi. Ni dakika chache kwenye mipangilio.

Nakala ya akiba ilikuwepo, mwenye duka kanionyesha kwa kujiamini: flashi iliyochomekwa nyuma ya kompyuta muda wote. Nayo imefungwa yote. Nakala inayokaa imechomekwa virusi vinaifikia kama vinavyofikia faili jingine lolote. Nunua diski ya nje, nakili mwisho wa wiki, chomoa, iende nyumbani. Nyingine weka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Na mara moja moja fungua hizo nakala uone kama kweli zinafunguka. TRA wanataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka mitano, na afisa akija kukagua hutamwambia zimo kwenye herufi nne.

Kwa waliokumbwa: msiharakishe kulipa, kulipa hakuhakikishi kwamba utapewa ufunguo. Kuna mradi wa No More Ransom, ulianzishwa 2016 na Europol (polisi wa Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta, una zana za bure za kufungulia. Kwa Djvu, matoleo ya zamani mengi yana zana ya Emsisoft, kampuni ya usalama wa kompyuta, tangu Oktoba 2019. Matoleo mapya mara nyingi hayafunguki. Hata hivyo msiyafute mafaili, wekeni pembeni.

Nyie mafundi nanyi. Mnaacha AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, kwenye kompyuta za watu, inawaka yenyewe kila asubuhi, kwa nywila ile ile kwa wateja wenu wote. Akiijua mwizi mmoja, kaingia maduka yote. Mteja hana hela ya leseni? Mwekeeni LibreOffice, ni ya bure kihalali, stoku ya duka inaiweza kabisa. Mnajua hilo, lakini kraki inawapa sababu ya kuitwa tena baada ya miezi michache.

Wenye steshenari za karibu na vyuo na ofisi za serikali, mnaojaza watu maombi ya mikopo, ajira, usajili wa biashara BRELA na zabuni za serikali kwenye NeST: nimekuta kompyuta ina picha za vitambulisho vya NIDA vya watu wasiohesabika, vyeti, na daftari la nywila za wateja, vyote wazi kwenye uso wa kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, inawahusu na ninyi. Mteja akimaliza, futa mbele yake.

Jambo la malipo nalo linaanzia kwenye hofu hiyo hiyo. Wanaonunua mahindi Kibaigwa au alizeti Singida wanajua: inakuja profoma inayofanana kabisa na ya muuzaji wako, namba ya akaunti tu ndiyo imebadilika. Au "bosi" anaandika WhatsApp kwa namba mpya, lipa haraka niko kikaoni. Dawa ni kupiga simu kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, si iliyo kwenye ujumbe. Lakini mfanyakazi anayefokewa kila akipiga kuuliza hatapiga, atalipa. Mwambieni mbele ya wenzake kwamba akichelewesha malipo ili ahakikishe, hatafokewa. Jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" zitumeni 15040 ya TCRA.

Na ninyi mliokatwa. Andika barua, hata ya mkono, omba sababu, kiasi na hesabu ya hasara kwa maandishi. Baki na nakala yenye tarehe, piga picha hati ya mshahara na ujumbe wowote wa bosi kuhusu fundi. Akikataa au akikaa kimya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Malalamiko ya makato yanapelekwa ndani ya siku 60, na ukifukuzwa kazi ni siku 30 tu, kwa hiyo usisubiri mwisho wa mwezi mwingine. Binti ninayemsema barua yake tumeshaiandika, na saa ya lile faili la kraki imo ndani.