Pia ya goti inahama kwenda nje, eksirei inasema mifupa mizima

dada_wa_bugarika
Habarini wadau. Mdogo wangu wa kike ana miaka 17, tunakaa Bugarika, Mwanza, huku juu kwenye mawe. Mwezi wa tatu alikuwa anashuka na ndoo kichwani, akageuka ghafla kumpisha mtu, mguu ukabaki palepale, pia ya goti ikahamia pembeni kabisa kwa nje, alivyonyoosha mguu ikarudi yenyewe. Eksirei wakasema mifupa mizima, akapewa vidonge basi. Imeshatoka tena mara 2, sasa hivi mawe anashuka kwa makalio. Kama mfupa ni mzima kinachoachia ni nini jamani?

fizio_kanda_ya_ziwa
Pole sana dada. Kano, zile nyuzi ngumu zinazoshikilia mifupa na misuli, hazionekani kwenye eksirei. Pia ya goti inateleza kwenye mfereji mbele ya mfupa wa paja, na upande wa ndani kuna ukano mwembamba umeifunga kwenye huo mfupa kama kamba ya nanga. Ukano huu unafanya kazi zaidi goti likiwa limenyooka au limekunjwa kidogo mpaka kama digrii 30, ukikunja zaidi, pia ya goti inazama mferejini na mfereji wenyewe unaishika. Pia ya goti ikitoka kwa nje mara ya kwanza, ukano huo karibu kila mara unachanika. Halafu kuna msuli wa paja, ule nundu kwa ndani juu kidogo ya goti, unavuta pia ya goti ije ndani, ila goti likivimba huo msuli unasinyaa haraka mno. Mwangalie akikaza mapaja yote mawili.

mwana_mwaloni
Mimi yangu ilitoka tukivuta mtumbwi nchi kavu. Mazoezi ndo yaliniokoa, unaweka taulo iliyokunjwa chini ya goti unaligandamiza unahesabu 5 unaachia, kila siku, miezi kama minne hivi. Na asikubali kukandwa mtaani, nilivutwa goti nikalia kama mtoto

dada_wa_bugarika
Nimemwangalia saa hii, la kushoto hiyo nundu haipo kabisa, pamelala tu

fizio_kanda_ya_ziwa
Basi asikae tena na vidonge, mpeleke kwa daktari wa mifupa muulizie MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, hiyo inaonyesha kano na mfereji kama una kina cha kutosha. Kwa kuwa imerudia, wanaweza kumtengenezea ukano mpya kwa kano ya nyuma ya paja lake mwenyewe, ila mazoezi ya paja aanze sasa na fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) amwelekeze. Ndoo mbebeeni kwanza.