Grupu la familia: Nasra anaenda Tanga kwa bibi

Mama Nasra: Asalaam aleikum wote. Ijumaa Nasra anapanda basi na baba ake kuja huko, atakaa kwa mama hii wiki ya likizo. Nina ombi, nalisema kwa moyo safi. Jana kwenye voice ya Zai nimesikia watoto wanaambiwa "mkileta fujo mtachomwa sindano". Jamani Nasra ana kisukari, kwake sindano ya insulini sio adhabu, ndo uhai wake, akisikia wenzake wanatishiwa nayo ataanza kujiuliza yeye kakosa nini mpaka anachomwa kila siku

Mamdogo Zai: Dada ni mazoea ya mdomo tu, nisamehe. Nishawaambia hapa nyumbani halitajwi tena

Bibi: (anaandika Saidi) Mwanangu kumdunga yule mtoto nesi alinifundisha, nikaweza, ila mtoto akilia mie mikono inaisha nguvu

Mama Nasra: Mama usimuulize "tupime sukari?" maana atasema hapana na mtabishana mpaka chai ipoe. Muulize kidole gani. Atavitazama vyote, atakwambia leo cha shahada, basi kaamua yeye. Mtoboe pembeni ya ncha sio katikati, pembeni hapaumi sana. Sindano nayo achague paja la kulia au la kushoto, au tumbo, ila isirudi palepale pa jana, ngozi inafanya uvimbe na dawa haiingii vizuri

Baba Nasra: Na namba ikitoka msiseme "mbaya" wala "hongera". Ikiwa 15 imepanda, ikiwa 6 iko sawa, yameisha. Kuna mgeni alikuja hapa akaona 17 akaguna, kesho yake mashine tumeitafuta nyumba nzima kumbe mtoto kaificha chini ya godoro

Mjomba Hamisi: Shemeji huku kuna mzee anatoa dawa ya mizizi, watu wa sukari wanamiminika kwake, kwanini tusijaribu akiwa huku

Mama Nasra: Kaka najua unamtakia heri lakini hapana. Hii ni aina ya kwanza, kongosho lake halitoi insulini, sio kama ile ya ukubwani ambayo wengi wanameza vidonge na kupunguza ugali. Wala haikuletwa na pipi. Akikosa insulini hata siku moja au mbili damu inajaa asidi, anatapika, anahema kwa nguvu, tunampoteza. Mtu wa kwanza kudungwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14 kule Toronto mwaka 1922, kabla ya hapo watoto kama Nasra walikuwa wanakufa tu wazazi wanaangalia. Naomba hili la mizizi asilisikie kabisa

Mjomba Hamisi: Nimekuelewa dada. Nilidhani sukari ni sukari tu

Bibi: Na akigoma kula je? Huyu akisema sitaki wali ndo hataki

Mama Nasra: Hapo ndo pagumu mama, insulini ikishaingia inashusha sukari awe kala hajala. Ila usimkimbize na kijiko, wala usimpe soda kila akigoma, watoto wana akili, akijua akikataa wali inakuja soda atakataa wali kila siku. Muwekee glasi ya maziwa au uji na ndizi, wewe kula chako mpige stori nyingine. Soda ni ya sukari ikishuka. Ukiona anatoka jasho, anatetemeka au kawa mkali bila sababu, pima, ikiwa chini ya 4 mpe nusu glasi, ile ya kawaida yenye sukari, subiri dakika 15 upime tena. Akiwa hawezi kumeza usimmiminie kitu, mlaze ubavu, mpake asali ndani ya shavu, hospitali mbio

Mamdogo Zai: Na kashata za mama? Kila mjukuu akifika anapewa kwa kificho

Bibi: Wenzake wanatafuna yeye anatazama, mie roho inaniuma

Baba Nasra: Mama ale, ila pamoja na chakula na sisi tujue tupige hesabu ya dawa. Ukimpa kwa siri anajifunza kuficha, na siku ameshuka peke yake hatamwambia mtu. Mie nataka awe mtoto wa kusema "bibi miguu inalegea" bila kuogopa

Bibi: Nimesikia mwanangu, hadharani basi. Dawa niweke wapi, umeme huku unakatika sana

Baba Nasra: Chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaumwagia maji asubuhi na jioni, funika na kitambaa kibichi, dawa ikae kwenye kile kidogo, uviweke kivulini. Friza usithubutu, ikiganda imeharibika. Ile insulini nyeupe kama maziwa izungushe viganjani taratibu usiitikise

Bibi: Vyungu vipo. Saidi akimaliza kuandika namtuma mchanga

Mamdogo Zai: Nami Ijumaa jioni nakuja nijifunze kudunga, mama asibaki peke yake na hiyo kazi