Andiko la ruzuku limekataliwa mara ya pili: "Umbo lipo tayari AlphaFold, tulipie nini?"

Pampu48

Wakuu, salaam. Barua ya mfadhili iliingia Jumatatu, nikaisoma mara moja, nikaifunga. Ni mara ya pili andiko langu linarudi. Mwaka jana walisema sina matokeo ya awali. Sawa, kosa langu. Safari hii nimepeleka matokeo, limerudi kwa sababu nyingine kabisa.

Nafanya kazi na pampu ya bakteria wa kifua kikuu, zile protini zinazokaa kwenye utando wa seli na kutema dawa nje kabla haijafanya kazi. Jina lake nalihifadhi, mnajua ushindani ulivyo. Ni ndogo, uzito wake kilodaltoni 48 tu (kipimo cha uzito wa molekuli). Miezi 14 nimejaribu kuitoa kwenye utando kwa kila sabuni iliyomo kabatini. Zimeshindwa zote isipokuwa moja. Sasa inatoka safi, inakaa kwenye friji siku tatu bila kuchafuka. Fuwele, yaani protini iliyojipanga ili mionzi ya X ioneshe umbo lake, sijapata hata moja. Niliomba fedha za miaka 3 nitafute umbo lake, ama kwa fuwele ama kwa hadubini ya elektroni ya krayo, inayopiga picha protini zilizogandishwa.

Mhakiki wa kwanza ameandika sentensi mbili tu: umbo limeshabashiriwa na AlphaFold, ile programu ya akili bandia inayokisia maumbo ya protini, na mwombaji hakueleza kwa nini fedha zitumike kulipata tena. Wa pili amenisifu aya nzima, halafu akanipa alama zilezile.

Nikaenda kuufungua huo ubashiri kwa hasira. Karibu robo yake ni rangi ya machungwa, maana yake programu yenyewe inakiri haina uhakika na sehemu hiyo! Sasa mtu kama huyu anajibiwaje? Au niachane na maumbo? Naomba wenye uzoefu, hasa mliowahi kuhakiki.

---

MzeeFuwele

Pole, mdogo wangu. Nimehakiki maandiko ya namna hii kwa miaka, kwa hiyo sitakuficha: mhakiki wa kwanza hana adabu, lakini mwanya umempa wewe. Lengo lako la kwanza nalijua hata bila kuliona. Limeandikwa "Kupata umbo la pampu fulani." Kweli si kweli?

Zamani sentensi hiyo ilitosha. PDB, hifadhi ya miundo ya protini iliyopatikana maabara, ilifunguliwa 1971 ikiwa na miundo 7, na kwa miaka mingi protini ya utando ilikuwa kama kuokota lulu. Leo hifadhi ya AlphaFold ina bashiri zaidi ya milioni 200, na mhakiki anaifungua kabla hajamaliza ukurasa wako wa kwanza. Umbo peke yake halimshtui tena.

Ambacho hatakikuta humo ni pampu ikiwa imeshika dawa, au ikigeuka kutoka kutazama ndani hadi kutazama nje. Wala hataona kwa nini asidi amino moja ikibadilika dawa inatoka kwa kasi zaidi. Soma kazi ya PfCRT ya 2019, protini ya kimelea cha malaria inayohusika na usugu wa klorokwini. Ina kilodaltoni 49, karibu sawa na yako. Kwa hadubini ya krayo ni ndogo mno, hivyo waliibandika kipande cha kingamwili, Fab, ili ipate ukubwa na alama ya kuitambulia, wakafikia ung'avu wa angstromu 3.2 (angstromu ni sehemu moja ya kumi ya nanomita). Lakini hawakuishia kwenye picha. Walipima pia inavyosafirisha dawa. Swali lilikuwa usugu, picha ikawa ushahidi mmojawapo. Lako umeliandika kinyume.

Na hiyo rangi ya machungwa usiikimbilie. Alama ya uhakika ya AlphaFold ikiwa chini ya 50 kati ya 100, mara nyingi ni mkia usio na umbo maalumu, unaopeperuka tu, na hata wewe ukipata fuwele hautauona. Ukijenga hoja juu yake, mhakiki anayejua atakumaliza hapohapo.

Kama utapeleka NIH, mfadhili wa serikali ya Marekani wa utafiti wa afya, tangu Januari 2025 vigezo wamevifanya vitatu: umuhimu wa utafiti, uthabiti na uwezekano wake, kisha utaalamu na vifaa. Viwili vya kwanza hupewa alama 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Wewe umeanguka kwenye umuhimu. Hizo sabuni zako ni za kigezo cha pili.

---

Pipeti

Mzee amemaliza ya sayansi, mimi niulize ya bajeti. Mashine umeiombea kiasi gani? Wengi wanaweka fungu kubwa la "muda wa sinkrotroni" (mashine kubwa ya mionzi ya X ya kupima fuwele) wakati Diamond ya Uingereza, ESRF ya Ufaransa na nyinginezo za umma hazimtozi mtafiti wa chuo, mradi ombi lake lipite kwa wahakiki wao na matokeo ayachapishe. Diamond wana hadubini za krayo pia kwa utaratibu huohuo. Fedha inayeyuka kabla ya mashine: seli za kuzalisha protini, sabuni (hiyo moja iliyokubali, nina hakika ndiyo ya bei mbaya kuliko zote), na mshahara wa mtu wa kurudia usafishaji huo mara 60. Andika hivyo. Ukiomba mabilioni ya kutazama na senti za kutengeneza cha kutazamwa, mhakiki anajua hujawahi kuingia maabara.

Halafu pitia SSGCID na CSGID, vile vituo viwili vya Marekani vilivyoanzishwa 2007 kwa fedha za NIAID, tawi la NIH la magonjwa ya kuambukiza, mahususi kwa maumbo ya vimelea vya magonjwa. Kwa pamoja vimeweka zaidi ya miundo 2,000 PDB. Huenda jamaa wa karibu wa pampu yako walishamjaribu, na ukijua ni hatua gani walikwama unaokoa miezi.

---

Jongoo_wa_Maabara

Nampinga Mzee kidogo. Tukikubali kwamba kila umbo lazima lije na ahadi ya dawa, tutajuta. SARS ya 2003 ilipopoa, hamu ya wafadhili nayo ikapoa. Watafiti waliobaki kuchunguza virusi vya korona waliendelea kuchezea protini ya mwiba ya MERS, ndugu yake SARS, na 2017 wakachapisha mbinu ya kuweka asidi amino mbili za prolini ili isimame kwenye umbo lake la kabla ya kuungana na seli. Genomu ya virusi vipya, vya UVIKO-19, ikatangazwa Januari 10, 2020. Februari 19 umbo la mwiba wake lilikuwa kwenye jarida la Science, likiwa na prolini hizohizo. Chanjo za Moderna na Pfizer zimezibeba. Mwaka 2017 nani angeziita "umuhimu"?

---

MzeeFuwele

Jongoo, mfano mzuri, ila unanisaidia mimi. Hata hao wa MERS walikuwa na swali: mwiba unajikunjua, tuuzuieje? Hawakusema "tunataka picha".

---

Pampu48

Nimesoma yote mara tatu. Mzee, umebashiri neno kwa neno, nimeona aibu. Na ndiyo, Pipeti, hiyo sabuni ni ya bei mbaya.

Usiku nimefuta lengo la kwanza. Sasa linasema hivi: "Kubaini kwa nini badiliko moja lililoonekana kwenye bakteria sugu linaiongezea pampu kasi ya kutoa dawa, kwa kulinganisha pampu mbili, ya kawaida na yenye badiliko, zikiwa zimeshika dawa na zikiwa tupu." Umbo limeshuka hadi sentensi ya tatu. Fab nimeiweka kama njia kuu, fuwele ikawa akiba.

Tatizo ni kwamba hiyo pampu yenye badiliko sijawahi kuisafisha, na dirisha la maombi linafungwa baada ya wiki sita. Kesho naanza na sabuni ileile. Ikichafuka kwenye friji nitarudi hapa kulia.