Naomba ushauri: Cv (joto la kupandisha moli moja kwa kelvini moja, ujazo ukiwa uleule) inaingiaje wakati ujazo unabadilika?

Wakuu, habari za jioni. Najiandaa na mtihani wa kidato cha sita, fizikia imenikwamisha hapa.

Gesi kamilifu ya atomu mojamoja, moli 2, imepashwa moto kutoka kelvini 300 hadi 350, presha ileile. Kutafuta badiliko la nishati ya ndani nikatumia Cp (kama Cv, ila presha ndiyo inayobaki ileile), nikapata juli 2,079. Kitabu kinasema 1,247. Nikatoa kazi ya kusukuma pistoni, juli 831, jibu likakubali (ile juli moja ni makadirio tu). Lakini mwalimu yeye anaingia na Cv moja kwa moja, na ujazo umeongezeka!

Cv inaruhusiwaje hapo? Na gesi halisi, kama ya mtungi wa jikoni, nayo nishati yake ya ndani inategemea jotoridi peke yake?