Mjadala: Mke aliyepigwa miaka kisha akaua, ashtakiwe kuua kwa kukusudia?

Nyar Ahero: Kifungu cha 207 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hupunguza shtaka likawa kuua bila kukusudia, iwapo mtu alichokozwa ghafla akatenda kabla hasira haijapoa. Hiyo ni hasira ya mwenye nguvu za kujibu papo hapo. Mwanamke aliyezidiwa nguvu hungoja mume alale, au maji yachemke, na muda ule wa maji kuchemka ndio upande wa mashtaka huuita nia. Naona tunawapima kwa kipimo kisichowafaa. Mnasemaje, watu wa Kisumu na Nakuru?

Mzee wa Bondeni: Dada, unataka haki ipi tena? Mama akiua mtoto wake wa chini ya miezi 12, kifungu cha 210 kinamkinga. Akipatikana na hatia ya mauaji akiwa mjamzito, 211 inamwondolea kitanzi. Mwanamume hana hata kimoja. Na hao wanaodai walipigwa, P3, ile fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, siku hizi inanunuliwa kama sukari.

Wakili wa Milimani: Mzee, 210 si msamaha. Adhabu yake ni ile ya kuua bila kukusudia, ambayo yaweza kufika kifungo cha maisha, na lazima ionekane kuwa akili ilivurugika kwa sababu ya uzazi au kunyonyesha. Hapo ndipo kesi nyingi hukwama. Wazimu wa baada ya kujifungua huanza mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Daktari wa akili anapompima kabla ya kujibu mashtaka, huenda keshatulia, na ripoti inasema yuko timamu. Timamu kujibu mashtaka leo haina maana alikuwa timamu siku ile. Mama mkwe, jirani na nesi wa kliniki waliomwona akiongea peke yake, hapati usingizi, hamtaki mtoto, hao ndio waandikishwe taarifa mapema. Kuhusu kitanzi, Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987.

Kijana wa Njoro: Na hukumu ya kifo si lazima tena kwa mauaji, Mahakama ya Juu iliamua hivyo Desemba 2017 kwenye kesi ya Muruatetu. Kabla yake, Oktoba 2016, Rais Uhuru alibadilisha hukumu za kifo 2,747 kuwa za maisha. Wanawake walikuwa 92. Mzee, unalalamikia wangapi?

Nesi wa Nyalenda: Mimi hilo la sukari limeniuma. Fomu haiuzwi. Mtu anaripoti kituoni, anapewa namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, kisha polisi wanajaza sehemu yao, hospitali inajaza yake: jeraha liko wapi, lina umri gani, laelekea lilitokana na kifaa gani, na kiwango chake. Asiye na hali nzuri atibiwe kwanza, fomu ifuate. Kinachoharibu kesi si wauza P3, ni michubuko inayofifia. Aliyepigwa anapita duka la dawa, ananunua vidonge, anarudi baada ya wiki tatu alama zimefifia. Unataka tuandike nini hapo?

Mzee wa Bondeni: Hujakanusha kwamba kuna wanaodai pesa ili wajaze.

Nesi wa Nyalenda: Wapo, na ni aibu. Lakini fikiria ni nani anayezuiwa na pesa hiyo. Si mwongo mwenye nauli ya kurudi mara tatu. Ni yule aliyefukuzwa usiku bila hata leso ya ziada!

Karani wa Kakamega: Mnapigana bure. P3 inayokosekana kabisa ni ya mshukiwa mwenyewe. Mwanamke amekamatwa usiku, mume yuko mochari, kila mtu anashughulika na maiti. Shingo yake ina alama za vidole na hakuna anayeandika. Ndugu zake wadai siku hiyohiyo apelekwe kwa daktari, alama zipigwe picha na rula pembeni, nguo zake zisifuliwe. Ndani ya saa 24 anapaswa kuwa mahakamani. Wakili amwambie hakimu alama ziko wapi, ziingie kwenye kumbukumbu. Na asitoe ungamo kwa mpelelezi wa kesi yake. Sheria ya Ushahidi inataka jaji, hakimu, au afisa mwingine wa cheo cha Inspekta kwenda juu, tena mbele ya mtu aliyemchagua mwenyewe.

Nyar Ahero: Jamani, swali langu lilikuwa shtaka.

Wakili wa Milimani: Shtaka linategemea hayohayo, dada. Kifungu cha 206 hakidai alitaka mume afe. Kukusudia madhara makubwa kunatosha. Ndiyo maana sufuria ya maji moto inatosha kuleta shtaka la mauaji. Kushusha hadi kuua bila kukusudia mara nyingi hupitia makubaliano na mwendesha mashtaka, na hayo hayaji mikono mitupu. Lete OB za miaka iliyopita.

Mzee wa Bondeni: OB zipi, ikiwa wazee walimaliza mambo nyumbani kwa mbuzi?

Karani wa Kakamega: Basi hao wazee waitwe mashahidi. Waliokula mbuzi wanajua kwa nini alichinjwa.

Kijana wa Njoro: Na kama aliyejaza P3 amehamishwa Lodwar?

Karani wa Kakamega: Mwenzake anayeujua mwandiko wake huiwasilisha. Bora jina na muhuri visomeke.